Kuku Aliyeumwa: Kisu au Karatoni?

Mwezi huu ukurasa wetu ulikuwa wa kupanda lenga-lenga nyuma ya nyumba, na karatasi zilikuwa tayari juu ya meza yangu. Lakini jambo lilitokea hapa kwetu, kartie ya Rwambuzi, nikaona lenga-lenga itangoja kidogo.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja ya asubuhi, giza lingali bado. Nikasikia kuku wanapiga kelele, kisha sauti ya jirani yangu kutoka lupango yake: “Mama! Kuya mbio, mbwa iko inamaliza kuku yangu!” Nikachukua torshi na fimbo. Nilipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka minane, alikuwa amemfukuza mbwa kwa mawe na mikono. Manyoya yalijaa uwanja mzima. Mlango wa nyumba ya kuku, kibati kilichofungwa kwa kamba, ulikuwa umelala chini.

Mnijue vizuri: mimi si mtu wa kulia juu ya kuku. Lakini mama yule alikuwa na kuku saba, na bwana yake yuko kwenye shimo la dhahabu upande wa Mongbwalu. Mwezi mmoja anatuma kitu, miezi miwili kimya. Binti yake mkubwa anasoma sekondari, na kule wazazi wangali wanalipa. Kuku saba wale ndiyo ilikuwa kasha ya shule. Ninyi mnaoishi na mabwana wa mashimo mnafahamu hesabu hiyo bila kuandikiwa.

Basi tukahesabu. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja hana kichwa, mwingine amekwisha kuwa baridi. Wawili walikuwa juu ya mwembe, wazima. Watatu walikuwa na vidonda: mweupe, mweusi, na yule mdogo wa madoadoa ambaye alikuwa karibu kuanza kutaga. Mama akaingia jikoni, akatoka na kisu. “Tuchinje yote tatu. Tukule moja, zingine tuuze nyama mbele ya jua kutoka.”

Nikamwambia, ngoja. Si kwa huruma, ni kwa hesabu. Kuku aliyechinjwa ni mboga ya siku moja. Mama kuku aliyepona atataga tena, atalalia tena. Na mwili wa kuku, ninyi mnaomdharau, unapona kwa namna ya ajabu. Ngozi iliyopasuka, hata iliyotoka kipande kikubwa, inarudi yenyewe kama haikuingia uchafu. Kinachomwua kuku saa za kwanza mara nyingi si kidonda chenyewe. Ni woga, baridi na damu iliyopotea.

Lakini vilevile haifai kumtesa kuku asiyeweza kupona. Yule mweupe, tulipomgeuza, matumbo yalikuwa nje na yametobolewa. Huyo nilisema kisu, tena upesi. Kuku mwenye matumbo nje, kuku aliyevunjika mgongo hata miguu yote miwili imekufa, kuku ambaye kichwa kinaanguka na anapumua kwa kinywa wazi huku kifua kinakoroma, msaidieni amalize. Mweupe alichinjwa pale pale. Kwa kuwa uchafu wa matumbo ulikuwa umemwagika ndani, tulitupa sehemu yote ya nyuma na iliyoguswa na meno, na nyama iliyobaki tukaichemsha sana. Wale wawili waliokufa tulizika chini kabisa. Mama alinung’unika kwa ajili ya yule aliyekuwa baridi. Lakini kuku ambaye hukumwona akifa na damu yake haikutoka, usimpeleke kwenye sufuria.

Wakabaki wawili. Mweusi alitisha: ngozi ya mgongo, upana wa kiganja cha mkono, ilikuwa imechunwa na nyama nyekundu inaonekana. Watoto walifunika macho. Yule wa madoadoa alikuwa amepoteza manyoya ya mkia na matone machache ya damu, basi. Nikasema mbele ya watu: “Huyu mdogo hana neno. Tushughulike na mweusi.” Kumbukeni neno hilo, maana nitalirudia kwa haya.

Jambo la kwanza si dawa. Jambo la kwanza ni giza, joto na kimya. Chukua karatoni, au kikapu chenye kifuniko, tandika kitambaa kisafi au nyasi kavu, mweke kuku ndani, funika, acha matundu ya hewa. Ndani ya giza kuku anatulia, moyo wake unapunguza mbio. Kumbukeni kwamba mwili wa kuku mzima una joto la nyuzi 41 hivi, kupita letu, na hapa Bunia tuko juu ya mita 1,200, alfajiri yetu ni baridi kweli. Kuku aliyepotea damu anapoa upesi. Tulijaza chupa mbili maji ya moto, tukazifunga na kikwembe cha zamani, tukaziweka kandokando, si chini yake, ili akisikia moto sana aweze kusogea. Watoto wasije kumchungulia kila dakika. Na asirudishwe kamwe kati ya wenzake siku hiyo: kuku akiona damu anadonoa, na wenzake watamaliza kazi ambayo mbwa aliianza.

Kama damu ingali inatoka, hiyo haingoji. Bonyeza kwa kitambaa kisafi, dakika tano kamili, bila kufunua-funua ili kutazama. Mweusi alikuwa amekwisha kuacha kutoka damu. Tukamwacha gizani karibu saa moja, na wakati ule mama akachemsha maji.

Maji ya kuosha kidonda hayana siri. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kupita ukingo, yakoroge na kuyaacha yawe vuguvugu. Maji ya chumvi kali yanachoma nyama mpya, basi msiongeze kijiko kwa kusema “nitie nguvu.” Osheni mikono kwa sabuni kwanza. Mimi nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, kwa sababu mate ya mbwa yalikuwa yangali kwenye manyoya. Mtu mmoja amshike kuku ndani ya taulo, mabawa yakiwa yamefungwa, lakini asimkaze kifua: kuku anapumua kwa kupanua kifua, ukikikaza unamkosesha pumzi mikononi mwako.

Manyoya yaliyozunguka kidonda yakatwe kwa makasi. Usiyang’oe! Ngozi ya kuku ni nyembamba kama karatasi ya sigara, ukivuta nyoya unapasua mahali pazima. Kisha mwaga maji kidogo kidogo, mengi, mpaka udongo na vipande vya manyoya vitoke. Kama una sindano ya plastiki isiyo na chuma, inasaidia kusukuma maji ndani ya tundu. Baada ya maji nilitumia Bétadine niliyokuwa nayo, nikaichanganya na maji mpaka rangi ikawa kama chai isiyo kali. Ambaye hana Bétadine asikate tamaa. Asali safi, ile nzito ya pori inayotoka upande wa Mambasa, ikipakwa nyembamba inazuia vijidudu na kulinda nyama isikauke. Iwe asali kweli, si ile iliyoongezwa maji barabarani.

Sasa, majirani. Bunia ukiwa na mgonjwa, hata awe kuku, waganga wanakuja kumi. Mmoja alileta petroli ya taa. Mwingine akasema mafuta ya vidanji ya moto, nzi hawatakaribia. Kijana mmoja wa moto alitaja maji ya betri, nikamwomba aende nyumbani. Vitu hivyo vyote vinaua nyama iliyo hai, na nyama iliyokufa ndiyo chakula cha uozo. Tena kuku anajisafisha kwa mdomo: unachompaka mgongoni kesho kiko tumboni mwake, na keshokutwa katika yai. Majivu nayo, nayajua, hata bibi yangu aliyatumia. Yanasimamisha damu ndogo ya ukucha uliovunjika, hapo sina ugomvi. Lakini ndani ya kidonda kirefu cha meno yanakaa kama simenti na kufunga uchafu ndani.

Wengine waliuliza, kwa nini hatukushona? Kidonda cha meno hakishonwi na mtu wa nyumbani. Jino la mbwa au la paka linaingiza vijidudu chini sana, na kukifunga juu ni kama kufunika sufuria ya maziwa yaliyochacha. Kiache wazi, kisafi, kipone kutoka ndani.

Ilikuwa karibu saa tatu tulipomaliza na mweusi. Tukakaa, tukanywa chai. Ndipo nilipoona kwamba yule mtoto wa miaka minane anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume alikuwa ameufunga jani la ndizi. “Nini hii?” “Si kitu, mama. Wakati nilivuta kuku mu kinywa ya mbwa.” Tukafungua. Mkwaruzo wa meno juu ya vidole viwili, damu imekwisha kukauka.

Wapendwa, saa nne zilikuwa zimepita tangu alfajiri, na sisi watu wazima wawili tulikuwa tunaosha kuku. Mama yule alitazama mkono, akatazama karatoni, hakusema neno. Mimi pia sikusema. Kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza kuonyesha dalili, na mkwaruzo mdogo unatosha kukiingiza. Tuliosha vidole vile kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima kwa saa ya mkononi, mtoto akilia, kisha tukampeleka kituo cha afya siku ile ile. Mbwa tulimjua, ni wa nyumba ya nne, mwizi wa sufuria wa siku zote, hakuwa na dalili ya wazimu. Hata hivyo mwuguzi hakutaka kungojea mbwa. Chanjo haikuwapo pale, ikatafutwa mjini, ikapatikana kesho yake. Mbwa alifungwa siku 10 akitazamwa, akala, akanywa, akabaki mzima, na hapo mwuguzi akasema sindano zilizobaki zisimamishwe. Lakini zile siku 10 mama yule hakulala. Basi ninyi mnaosoma, mbwa au paka akiingia kati ya kuku, kwanza vueni watoto mashati, tazameni mikono na miguu yao. Kuku watangoja. Na kama mbwa mwenyewe alikuwa anayumba, anatoa mate, anauma hata miti, msimguse kuku aliyeumwa naye kwa mikono mitupu wala msimchinje kwa kula.

Turudi kwenye karatoni. Siku ya kwanza mweusi hakula kitu. Kuku mwenye uchungu anaweza kukaa bila chakula siku moja au mbili, lakini maji asikose. Tulimpa maji yenye sukari na chumvi, yale yale tunayowapa watoto wanaohara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Usimmwagie kinywani! Mlango wa pumzi wa kuku uko nyuma ya ulimi tu, ukimmwagia maji yanaingia kwenye mapafu. Chovya kidole, acha tone likae pembeni mwa mdomo, atameza mwenyewe.

Siku ya pili tulimpa yai lililochemshwa na kupondwa. Watu walicheka, kuku anakula yai! Lakini ngozi na manyoya hujengwa na chakula chenye nguvu ya nyama, si mahindi peke yake. Ndagala za Ziwa Albert zilizosagwa ni nzuri, kumbikumbi wakati wao ni wazuri, unga wa soya vilevile. Tazameni mavi yake pia. Yakiwa ya kijani kibichi tupu, ndiyo kusema tumbo halina kitu, hata kama chakula kinaonekana kimepungua kwenye sahani. Pengine ni panya aliyekula.

Tulimwosha mara moja kwa siku, si zaidi, asubuhi. Adui mkubwa wa siku hizo ni nzi. Nzi akitaga kidondoni, siku inayofuata una mabuu, na mabuu wanachimba. Basi kuku akae ndani, mahali penye kivuli, chini ya kipande cha chandarua cha zamani. Ukiona mabuu, usiogope, watoe wote kwa kibano na maji ya chumvi, mara mbili kwa siku mpaka wamalizike.

Siku ya tatu, siku ya nne, kidonda cha mweusi kilikuwa chekundu, kinang’aa, na pembeni ngozi inaanza kutambaa ndani. Na yule wa madoadoa, je? Alikuwa anatembea uwanjani na wazima. Siku ya nne jioni alijikunyata, macho nusu. Nikasema, labda baridi. Siku ya tano asubuhi alikuwa amekufa.

Nilimfungua mwenyewe. Chini ya bawa la kushoto, mahali ambapo manyoya ni mengi, kulikuwa na matundu mawili madogo kama ya kalamu ya biki, yamekwisha kufungwa na gamba. Ndani, nyama ilikuwa imesagika na kuwa nyeusi, harufu mbaya. Mbwa hakati, anakamata na kutikisa: juu unaona tundu dogo, chini nyama imevunjwa-vunjwa. Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba hana neno, na sikumwinua hata bawa moja. Kile kidonda cha kutisha cha mgongo kilipona kwa sababu kilikuwa wazi, tuliweza kukiosha. Kile kidogo kiliua kwa sababu hakuna aliyekitafuta.

Kwa hiyo, baada ya mbwa au paka, kila kuku aliyeguswa, hata anayetembea, ashikwe na kupulizwa manyoya: shingo, chini ya mabawa yote mawili, mapaja, tumbo, mahali pa kutagia. Pulizeni kwa kinywa, manyoya yanagawanyika na ngozi inaonekana. Mahali penye rangi ya bluu au kijani ni damu iliyovilia, hiyo peke yake itaisha. Tundu la jino lifunguliwe, lioshwe ndani kila siku, lisiachwe kufunga gamba upesi.

Tena mjue hili, wengi hawalijui: usaha wa kuku hautiririki kama wa mtu. Unakuwa mgumu, wa manjano, kama kiini cha yai kilichochemshwa. Ndiyo sababu kukamua hakufai kitu, unaumiza tu. Ukisikia donge gumu chini ya ngozi ambalo halikuwapo, hapo tafuteni veterineri alifungue na kulitoa.

Na kuna uvimbe wa namna nyingine unaowatia watu hofu. Baada ya kuumwa, kuku anavimba upande kama mpira, ukibonyeza unasikia kama karatasi inalia. Nimesikia watu wakisema amelogwa. Kuku ana mifuko ya hewa ndani ya mwili, inayoungana na mapafu. Mmoja ukipasuka hewa inatoroka chini ya ngozi. Ikiwa anapumua vizuri, mwacheni atulie ndani, mara nyingi hewa inaisha yenyewe siku chache.

Juu ya mifupa nitasema kidogo tu. Bawa lililovunjika likunjwe kama kawaida na kufungwa juu ya mwili kwa kitambaa kisichobana pumzi. Mguu ufungwe kwa vijiti vya mianzi vilivyotandikwa pamba. Majuma matatu hivi. Ukiona vidole vinakuwa baridi na kubadili rangi, umekaza mno.

Mama moja wa Nizi aliniuliza zamani kama anaweza kumpa kuku vidonge vya tetra vya watu, vile vinavyouzwa sokoni moja moja. Hapana. Hujui kipimo, hujui umri wa kidonge, na dawa inabaki ndani ya nyama na mayai. Wakati mwingine kuku aliyeumwa anahitaji antibiotiki, hasa aliyeumwa na paka, ambaye meno yake ni sindano zenye sumu ya vijidudu. Lakini ichukuliwe kwa veterineri, mmalize siku zote alizosema, na siku zote zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa mayai yasiliwe wala kuuzwa. Kumwuzia jirani yai lile ni kumwuzia dawa bila kumwambia.

Wengine watauliza: nitajuaje kama ni mnyama, si ugonjwa? Mwewe anakuja mchana, anachukua kifaranga, haachi kitu. Akimkosa mama kuku anamwachia matundu ya makucha mgongoni. Kanu anakuja usiku; yeye na nguchiro wanauma shingo na kula sehemu. Panya anatafuna miguu ya vifaranga. Mbwa anaua wengi na kuwaacha. Lakini kuku wakifa wengi bila kidonda, shingo imepinda, au kichwa kimevimba na upanga umekuwa bluu, hapo si mnyama. Mwaka 2017 hapa Ituri, kando ya Ziwa Albert, homa ya ndege ya aina ya H5N8 ilipatikana kwa mabata na kuku. Kuku wa namna hiyo hawaoshwi, hawafunguliwi, hawaliwi. Mwiteni veterineri.

Na siku ile ile ya kwanza, mbele ya jua kuzama, tengenezeni nyumba ya kuku. Mnyama aliyeonja anarudi. Sisi tulirudisha mlango kwa bawaba mbili na komeo la chuma, tukainua nyumba juu ya miguu ya miti kimo cha mtu kiunoni, na kila mguu tukauzungushia bati laini ili kanu asipande. Wavu wa tundu kubwa ni mapambo tu: mahali kichwa cha kanu kinapita, mwili wote unapita. Wavu wa chujio za karieri uliochakaa unafaa sana. Lakini ile karai ambamo wanaume wanachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu isiwe sahani ya kuku, wala beseni la kuwaoshea vidonda, hata ikisuguliwa mara kumi. Na anayechoma dhahabu nyuma ya nyumba ya kuku anawapa kuku, watoto na nafsi yake mvuke ambao haunuki wala hauonekani, nao unaharibu mishipa ya fahamu. Hilo tulikwisha kuandika, tutaandika tena.

Mwenye mbwa alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni bila kuingia. Wazee wa avenyu walikuwapo. Alitoa kuku jike wawili na kulipa tiketi ya moto ya kwenda mjini kutafuta chanjo. Mbwa sasa anafungwa usiku. Mtu akisema ni kidogo, aje mwenyewe kuhesabu.

Mweusi alikaa ndani siku 24. Kumrudisha hatukumtupa tu kati ya wengine. Alikaa kwanza siku nne nyuma ya wavu, wanamwona, anawaona, kisha usiku mmoja tukamweka juu ya kijiti pamoja nao, asubuhi wakaamka kama hakuna kitu. Mgongo wake una kovu bila manyoya, ukubwa wa sarafu ya zamani, na yule binti wa sekondari anamwita Mama Koti kwa sababu manyoya mapya yaliota yakiwa meusi zaidi kuliko ya zamani. Juma lililopita alianza kutaga tena, nyuma ya mapipa, mahali ambapo hakuna aliyemruhusu. Mtoto wa kiume ndiye anayeokota mayai, kwa mkono wa kuume.

Wale walioniandikia juu ya panya wanaokula vidole vya vifaranga, nitawajibu mwezi ujao, pamoja na lenga-lenga.